Mwalimu na mwanafunzi wakipendana chuoni: sheria inasema nini

Binti anatoka Makobola au Sange, anapanga chumba Kasenga ama Mulongwe, anaanza masomo ya juu hapa Uvira. Wazazi wanatafuta minervali kwa shida. Kisha asistanti anayesahihisha mitihani yake anaanza kumwandikia usiku. Binti akikataa, pointi zinakwama. Akikubali, watu watasema walipendana. Wanafunzi wa Kongo hufanya mzaha juu ya "pointi zinazoambukizwa kwa ngono", lakini wazazi wanaolipa hawacheki.

Wengi huuliza: kama wote wawili ni watu wazima na wamekubaliana, kosa liko wapi? Chuo chenye kanuni nzuri hakianzi na swali la kama wanapendana. Kinauliza nani anashika kalamu ya pointi. Anayefundisha, anayesahihisha, anayeongoza kazi ya mwisho au anayeketi katika delibere ana mamlaka juu ya maisha ya mwingine, na "ndiyo" ya aliye chini ni vigumu kuipima. Wanafunzi wenzake nao wanaumia, kwa sababu hakuna tena anayeamini orodha ya matokeo.

Katika nchi yetu, Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la usumbufu wa kingono. Ni kumwandama mtu kwa maneno, ishara, amri, vitisho au shinikizo, au kutumia vibaya mamlaka ya kazi, ili kupata ngono. Adhabu iliyowekwa ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, au moja kati ya hizo. Lakini sheria hiyo ya 2006 iliweka sharti moja: mashtaka yasiende bila malalamiko ya aliyetendewa.  Kwa ubakaji, sheria hiyo iliweka miaka 5 hadi 20, na kiwango cha chini kinaongezwa mara mbili mkosaji akiwa mwalimu wa aliyetendewa. Watumishi wa dini waliotumia vibaya nafasi yao wametajwa katika kifungu hicho hicho, na wachungaji wanaofundisha katika vyuo vya teolojia wakisome mara mbili. Mwanafunzi asiyefika miaka 18 ni mtoto, na kukubali kwake hakumwokoi mkubwa.

Sheria hiyo haizuii mapenzi ya watu wazima walio huru. Hapo ndipo kanuni ya ndani ya chuo inahitajika. Makerere, Uganda, iliandika yake dhidi ya usumbufu wa kingono mwaka 2006. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliweka jambo hili ndani ya sheria yake ya rushwa ya 2007, ndiyo maana kule huitwa rushwa ya ngono. Kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard kilikataza mwaka 2015 mapenzi kati ya walimu na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Oxford ilikataza mwaka 2023 mapenzi kati ya mfanyakazi na mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wake.

Makanisa yetu yana desturi ya kupatanisha familia mbili, mbuzi au pesa ikatolewa, ama ndoa ikapangwa haraka kabla tumbo halijaonekana. Kumnyamazisha binti ni kuifunga kesi kabla haijaanza. Nasema wazi: hayo si mapatano. Sheria ya mwenendo wa kesi ya 2006, namba 06/019, iliondoa makosa ya ngono katika yale yanayoweza kumalizwa kwa kulipa faini polisi au parke, ikaweka mwezi 1 wa uchunguzi na miezi 3 ya hukumu.

Binti anayesumbuliwa asifute ujumbe wa WhatsApp. Aandike tarehe, saa na mahali, ahifadhi karatasi za mtihani zilizorudishwa, aombe kwa maandishi kusahihishwa na mwalimu mwingine. Barua iende kwa katibu mkuu wa masomo, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwake. Akiamua kwenda parke, asindikizwe na mtu anayemwamini, na mwanasheria asome naye vifungu kama vilivyo leo.

Na mwalimu anayempenda kweli mwanafunzi wake, akitaka kumwoa? Akabidhi masomo na pointi zake kwa mwenzake, awajulishe wakuu wa chuo, au angoje diploma.