Kisu cha mujomba

Leo siandike juu ya tarehe za mapigano, hizo tunazijua hata tukiwa usingizini. Ninaandika juu ya kisu kimoja cha kukunja, chenye mujomba wangu alinionyesha kule Mpofi, pale Masisi na Walikale zinapopakana.

Ni kisu cha aina ya Okapi. Wengi wenu mumekiona: mpini wa mbao uliopinda kidogo, vipande vya madini vya umbo la mwezi na nyota vimepachikwa ndani yake, na pete ndogo upande wa mgongo. Ukikifungua kinalia: tra, tra, tra. Mlio huo ni wa meno yaliyokatwa kwenye shina la bapa, yanakamatana na chuma cha mgongo moja kwa moja. Ukivuta ile pete, meno yanaachia na kisu kinajikunja.

Lakini kile cha mujomba kiko na kitu zaidi. Mpini wa zamani ulipasuka, akakipeleka kwa mufundi wa kijiji. Mufundi akachonga mpini mpya, akarudisha mwezi na nyota mahali pake, kisha akachora nakshi kwenye bapa: safu ya pembetatu kama za mikeka yetu, na herufi mbili za jina la mujomba.

Nilimuuliza mufundi aliwezaje, juu chuma cha kisu kiko kigumu kama tindo yenyewe. Akacheka. Kwanza alikichoma mpaka kikawa chekundu, akakizika ndani ya majivu kipoe polepole. Hapo chuma kinalegea. Akachora kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi. Kisha akakichoma tena, akakitumbukiza ndani ya mafuta ili kiwe kigumu, na mwisho akakipasha moto kidogo mpaka rangi ya majani makavu ikatokea. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, kisu kinavunjika kama kioo. Ukizidisha moto, hakikati tena. «Mustari mubaya haufutike, mwanangu,» akaniambia. Alijifunza yote kwa macho tu, hakuna kitabu.

Sasa tuingie kwenye historia. Okapi, yule mnyama, anaishi Kongo tu, hakuna inchi ingine yenye iko naye porini. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901, kutokana na ngozi na mafuvu yaliyotumwa na Harry Johnston. Wenyeji wa msitu wa Ituri walikuwa wanamjua tangu zamani. Mwaka 1902, kule Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, kisu cha Okapi kikaanza kutengenezwa ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo jina lilitoka msituni kwetu, likapita Ulaya, likaturudilia likiwa na bei.

Mtu anaweza kusema: basi sisi tulikuwa hatujui kutengeneza visu. Hapana. Mwaka 1870, Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya inchi yetu, akastaajabu kazi ya wahunzi wao. Baadaye Herbert Lang na James Chapin walitumwa na jumba la makumbusho la New York. Walizunguka huku tangu 1909 mpaka 1915, na moja ya sababu kubwa ya safari yao ilikuwa kumutafuta huyo huyo okapi. Walirudi na mnyama, lakini pia na maelfu ya vitu vya mikono ya watu, pamoja na visu vya Wamangbetu vyenye mipini ya pembe ya ndovu iliyochongwa.

Kule Kasai, Wakuba wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam, wa karne ya 17, alikataza kisu cha vita cha kurusha, akaleta kingine kinachoitwa ikul, kisu cha amani. Sanamu za wafalme wao zinakishika kwa mkono wa kushoto. Na hapa kwetu? Katika hadithi kubwa ya Wanyanga, ile ya Mwindo, wajomba wa Mwindo ni wahunzi. Ndio wanamufulia mavazi ya chuma mbele aende kumukabili baba yake. Ona: mujomba na chuma, mambo ya zamani sana.

Kwa nini haya yananiuma? Juu mujomba alitaka kunipa kile kisu, nikakataa. Kijana mwenye kisu mfukoni, akifika kwenye bariere, ataeleza nini? Nani atasimama kuangalia nakshi? Vita imetufundisha kuona silaha tu kila pahali penye chuma. Mujomba hakukasirika. Alikifunga ndani ya kitambaa, akasema: «Nitakichunga mpaka siku utaweza kutembea nacho bila woga.»

Jambo la pili ni la aibu yangu mwenyewe. Niliandika memwari yangu ya historia, kurasa nyingi juu ya mikataba na mipaka, na hakuna hata mstari mmoja juu ya muhunzi. Ule mufundi amekimbia vita mara nyingi, kila mara akibeba nyundo na tindo zake mbele ya sufuria. Leo hana mwanafunzi hata mmoja. Siku atakapolala, ile rangi ya majani makavu italala naye.

Ndiyo maana nimeanza kumurekodi kwa telefone, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili na kwa Kinyanga. Ninyi wenye kutafuta kichwa cha memwari mwaka huu, kila kijiji kiko na muzee wa namna hii. Mbele ya kukimbilia maktaba, muende mukae karibu na moto wake, mumuulize: hii ulijifunza kwa nani? Mujomba wangu angali anachunga kisu.