Barabara Inayoishia Ukutani

Fungua ramani ya Nairobi kwa simu, uangalie Eastleigh. Mistari imenyooka na kukatana kama daftari la hesabu. Njia moja ikifungwa, unapitia ile nyingine na bado unafika. Sasa sogeza kidole hadi Buruburu. Hapo barabara zinajikunja, zinaingia kwenye koti, na zinaishia hapo.

Si eti mchoraji alilewa. Mji huu ulianza 1899 kama kituo cha reli. Wahandisi walitaka tambarare ya kupanga vifaa kabla ya kuingia Bonde la Ufa, basi. Mkoloni akaugawa kwa rangi: Mzungu milimani magharibi, Mwafrika huku chini mashariki. Mpango wa 1948 ukapendekeza mitaa inayojitosheleza, magari ya wapita njia yazunguke pembeni. Buruburu ya miaka ya 1970 ilifuata wazo kama hilo, na tuseme ukweli, si wazo baya. Watoto walicheza boli mbele ya nyumba bila kuhofia matatu.

Shida kubwa ilizaliwa kwenye mashamba. 1963 mipaka ilisogezwa hadi takriban kilomita 690 za mraba. Sensa ya 1969 ilipata watu 509,286. Ya 2019 ikapata 4,397,073. Hao wote walilala wapi? Makampuni ya kununua ardhi yalichukua mashamba na ranchi, wanahisa wakagawana. Fikiria shamba refu na jembamba. Mwenyewe anapasua barabara katikati, anakata ploti za futi 50 kwa 100 pande zote mbili, anauza. Barabara inafika mwisho wa shamba na kugonga ua wa jirani. Jirani naye anafanya vivyo hivyo. Unabaki na barabara mbili sambamba ambazo hazijawahi kusalimiana, na hakuna anayetaka kupoteza ploti ili ziunganishwe. Ruai, Kasarani, ukivuka kaunti hadi Ruiru na Kitengela, mchezo ni ule ule.

Ndiyo maana kila safari lazima ishuke hadi barabara kuu, hata ya kununua maziwa. Thika Road ilipanuliwa na kufunguliwa 2012, na bado asubuhi wasee wanakwama kwenye njia za kuingilia. Expressway ya 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita juu ya vichwa vyetu.

Anayelipa zaidi ni anayetembea. Keja unaiona kutoka stejini, lakini mabati na mageti yanakuzungusha mbali, na saa nne usiku mzunguko huo kwa mwanamke si mazoezi ya mwili. Moto ukiwaka, gari la zimamoto nalo linatafuta mdomo wa barabara moja tu.

Kwa hivyo watu hutoboa ukuta. Mwenye ploti huziba kwa mawe, na wiki ijayo shimo liko wazi tena, kingo zake zimelainishwa na mabega.