Waanglikana Waliochelewa Kupanda Meru

Mteremko wa Mlima Meru unaotoka Ngaramtoni kupanda Olmotonyi ni nchi ya Walutheri. Huko mtu akisema anakwenda kanisani bila kufafanua, anakwenda usharikani. Waanglikana wapo, tena siku hizi si haba, lakini majengo yao ni machanga, na hakuna hata moja lenye umri wa kulingana na vituo vya Kilutheri vya Ilboru au Nkoaranga. Msomaji aliyeona makanisa ya Kianglikana ya Unguja, Muheza au Mombasa, yenye zaidi ya miaka mia moja, ana haki ya kuuliza kwa nini mlima huu ulirukwa. Jibu linaanzia Moshi, katika vita vya Juni 1892.

Waanglikana ndio waliotangulia Kilimanjaro. Askofu James Hannington wa CMS, misheni ya Kianglikana ya Uingereza, alifika kwa Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye Waswahili walimwita Mandara, mwaka 1885, na mwaka huohuo wamisionari wake wakaanza kujenga. Hannington mwenyewe aliuawa Busoga kabla mwaka haujaisha. Kituo kikaendelea, na kwa hesabu za kawaida hatua iliyofuata ingekuwa kuelekea magharibi hadi Meru. Lakini tangu 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kugawana nchi, na Kilimanjaro ikaangukia upande wa Wajerumani. Mwaka 1892 Meli, mwana wa Rindi, alikipiga kikosi cha Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Wajerumani walitafuta wa kulaumu wakawapata wamisionari wa Kiingereza: kwamba wamemchochea Meli, kwamba wamempa silaha. Kesi hiyo haikuhitaji ushahidi mwingi. CMS walifungasha, baadhi yao wakahamia Taveta, na mwaka uliofuata Wajerumani wa Misheni ya Leipzig wakafungua kituo Machame.

Kwa hiyo waliofika Meru walikuwa Walutheri, na walilipa kwa damu. Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, na kisasi cha jeshi la Wajerumani kikawaangukia Wameru na Waarusha kwa ukatili mkubwa kuliko kosa. Boma la Arusha likasimama mwaka 1900, Nkoaranga ikafunguliwa 1902, Ilboru 1904. Mlima ukawa umegawiwa.

Huku kwingine kanisa la Kianglikana lilikuwa limeshapata sura, au tuseme sura mbili. Ili kuzielewa, lazima kwanza tuvuke hadi Uingereza. Kule kanisa la parishi ni jengo refu la mawe lililotazama mashariki, lenye ukumbi wa waumini, kisha sehemu nyembamba zaidi ya altari, mnara wa kengele, na makaburi yakilizunguka. Mengi yalijengwa na Wakatoliki kabla Mfalme Henry VIII hajavunja uhusiano na Papa mwaka 1534. Waanglikana waliyarithi, wakapaka chokaa juu ya picha za watakatifu, wakainua mimbari. Katika karne ya 19 kikazuka kizazi kilichotaka yale yaliyofutwa yarudi: altari, mishumaa, ubani, matao yaliyochongoka ya zama za kati. Wengine wakawapinga vikali, wakisema kanisa ni mahali pa kusikia Neno, na meza ya Bwana ni meza tu.

Ugomvi huo ulisafiri na meli. UMCA, misheni iliyozaliwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857, ilikuwa ya watu wa ubani. CMS ilikuwa ya watu wa mimbari. Yeyote aliyewahi kuingia kanisa la Muheza na kisha la Ugogoni ameona tofauti hiyo kwa macho hata kama hakuwahi kuelezwa: katika la kwanza altari inakuvuta hadi mwisho wa jengo, katika la pili sauti ya mhubiri ndiyo iliyopangia viti. Mwaka 1913 mambo yalifika mahali ambapo Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walishiriki meza moja na Wapresbiteri pale Kikuyu.

Jengo kubwa la UMCA ni Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa papo hapo. Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, ndiye ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vya sarufi na tafsiri. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa pia msimamizi wa ujenzi. Alitaka paa la tao moja, lisilo na mbao, kwa sababu mbao za pwani huliwa na mchwa. Mafundi wake walichanganya saruji na vipande vya matumbawe, wakamimina juu ya kiunzi, na watu wengi waliamini siku kiunzi kitakapoondolewa paa litashuka nacho. Halikushuka. Nguzo kadhaa zilisimamishwa miguu juu kichwa chini, na Wazanzibari husimulia kwamba hilo lilitendeka askofu akiwa safarini. Ni moja ya makosa machache katika usanifu ambayo yameliongezea jengo heshima. Ndani mna msalaba uliochongwa kutoka mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Steere alifariki mwaka 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altari.

Jambo linalonigusa katika Mkunazini si mnara, bali namna jengo la Kiingereza lilivyojifunza kusikiliza mji. Matao yake yana asili ya Ulaya na Uarabuni kwa pamoja, na kuta ni matumbawe na chokaa, vifaa vilevile vya misikiti na majumba ya jirani. Mombasa walifanya vivyo hivyo: kanisa kuu la kumbukumbu ya Hannington, lililofunguliwa mwaka 1905, lina kuba, na mgeni wa haraka anaweza kudhani ni msikiti.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampala, kanisa moja la miti na matete juu ya Namirembe liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na jingine likateketea kwa radi mwaka 1910, ndipo Waganda wakaamua kujenga upya. Jengo la sasa, lililomalizika mwaka 1919, lilichorwa na Temple Moore wa London. Mtu huyohuyo alichora Kanisa la Watakatifu Wote la Nairobi, la mawe na minara miwili, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 na kazi ikaisha mwaka 1952. Sidhani kwamba Nairobi ilipata jengo bora. Namirembe iko kifua wazi juu ya kilima chake, ilhali la Nairobi linaonekana kama limeteremshwa kutoka kaunti fulani ya Uingereza likasahaulika.

Arusha ilikuja nyuma ya yote haya, na ilikuja kwa njia ya serikali. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Nyuma ya askari wakaja maofisa na walowezi wa kahawa, na watu hao walitaka kubatiza watoto na kuzika wafu kwa kitabu chao cha sala. Huo ndio mwanzo wa Kanisa la Kristo la mjini Arusha: parishi ya walowezi, si kituo cha misheni. Tofauti hii ni kubwa. Kituo cha misheni huja na shule, zahanati, karakana ya useremala na vijana wa kijijini wanaojifunza kufyatua tofali, kama ilivyokuwa Ilboru. Parishi ya walowezi huja na viti vya watu wanaojuana.

Mwaka 1927 eneo lote lilitengwa kutoka dayosisi ya Mombasa likawa sehemu ya Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma, chini ya Askofu George Chambers aliyeletwa kutoka Australia. Chambers alikuwa na macho kwa elimu, na kanisa likahusika na Shule ya Arusha ya watoto wa Kizungu, iliyoongozwa na William Wynn Jones, ambaye mwaka 1947 akawa askofu wa dayosisi hiyo. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili kupisha mashamba ya Wazungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mtu anayetaka kujua kwa nini Uanglikana haukupanda mlima katika miaka hiyo, aanzie hapo. Kwa mkulima wa Meru, lile lilikuwa kanisa la watu wa upande ule.

Waliobadilisha mambo ni Watanzania wenyewe: makarani, walimu, askari, wafanyakazi wa viwandani waliohamia Arusha kutoka Dodoma, Muheza, Mara na Kigoma, kila mmoja na kumbukumbu ya kanisa la kwao. Kanisa Anglikana Tanzania likawa jimbo linalojitegemea mwaka 1970, na mwaka 1982 ikaundwa Dayosisi ya Mount Kilimanjaro, Alpha Mohamed akawa askofu wake wa kwanza. Kanisa la Kristo likawa kanisa kuu. Ubani na mimbari vikakutana katika kwaya moja.

Makanisa ya kipindi hiki hayana Temple Moore. Yanajengwa na fundi wa mtaani, kwa tofali za saruji au mawe meusi ya volkano, kwa mchango wa harambee moja baada ya nyingine: msingi mwaka huu, lenta miaka miwili baadaye, bati Mungu akijalia. Sehemu bora mara nyingi ni paa. Mlima huu umepandwa paina na saipresi, na Olmotonyi ndipo kilipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937, ambako vizazi vya wataalamu wa misitu vimefundishwa kupanda, kupunguza na kuvuna. Mahali penye mbao za namna hiyo, fundi anaweza kuvusha kenchi upana wa ukumbi mzima bila nguzo katikati, jambo ambalo Steere alilazimika kulitafuta kwa matumbawe na saruji. Kwa bahati mbaya, siku hizi desturi ni kuificha kazi hiyo nyuma ya dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Kenchi iliyofungwa vizuri ni pambo tosha.

Wazee wa kanisa, mnapopanga kuvunja jengo dogo ili kujenga kubwa, fanyeni mambo matatu kwanza. Lipimeni na kulichora, hata kwa kamba na daftari la shule. Lipigeni picha ndani na nje. Kisha andikeni kwenye kitabu cha parishi majina ya mafundi waliojenga, mawe yalikotoka, mbao zilikopasuliwa na mwaka bati lilipopanda. Fanyeni hivyo sasa, maana wengi wa mafundi hao bado wako hai.