Bao Halijalala: Mchezo wa Pwani Ukingoni mwa Ziwa Nyasa

Kila baada ya miaka michache hutokea mtu, Unguja au Mombasa, akatangaza kuwa bao limekufa. Ushahidi wake haubadiliki: barazani wamebaki wazee watatu, vijana wamehamia kwenye pulu na kwenye simu, na mabao ya kuchonga yanauzwa Mji Mkongwe kwa wageni watakaoyatundika ukutani. Wapenzi wa mchezo huja juu. Humtajia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na ambaye bao limo katika tungo zake. Humtajia Mwalimu Nyerere, ambaye picha zake akiinamia bao zinajulikana nchi nzima. Kisha humwalika mshitaki akae chini wacheze. Kwa kawaida mshitaki hukataa, na ugomvi huishia hapo mpaka mara nyingine.

Ugomvi huo una kasoro moja. Pande zote mbili huutazama mchezo kutoka pwani, kana kwamba bao ni mali iliyofungiwa katika sanduku la mwambao, na kinachobishaniwa ni kama sanduku bado limejaa. Lakini bao lilikwishaondoka pwani zamani. Mwenye kutaka kujua kama li hai au limekufa hana budi kulifuata lilikokwenda, na mojawapo ya njia zake ndefu inafika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara.

Kyela ni nchi tambarare, nchi ya mpunga, kakao na migomba, iliyokingwa kaskazini na nyanda za juu za Rungwe na mashariki na milima ya Livingstone, ambayo inatumbukia ziwani pale Matema. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha maji ya milimani, na mvua za huko zikianza hazina haraka ya kukoma. Mvua ni rafiki wa michezo ya kukaa. Mkulima ambaye shamba lake limo majini na msafiri anayengojea meli Itungi wote wana saa za kupisha. Hapo ndipo bao linapotandazwa: ubao wa kuchongwa ukipatikana, na usipopatikana, safu nne za vishimo vinane vinane vilivyochimbwa ardhini kwa vidole. Pwani kete huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miba upendao fukwe za bahari. Ziwani kokoto hufaa, na mbegu yoyote isiyopasuka.

Isidhaniwe kuwa bara lilikaa likingoja mtu wa pwani aje kulifundisha kuhesabu kokoto. Mchezo wa vishimo na mbegu ni wa Afrika nzima. Waganda wana omweso, Wasukuma wana isolo, Wajaluo wana ajua, na kila mmoja una kanuni zake na heshima yake. Kilichosafiri kutoka mwambao ni bao la kiswahili, lenye nyumba na lenye kunamua, na mahali lilipopita limeacha jina. Ng'ambo ya Songwe, nchini Malawi, huitwa bawo, na namna linavyochezwa huko ni jirani mno na namna ya Unguja na Lamu. Jina ni shahidi asiyehongeka. Mtu haazimi neno la kigeni kwa kitu alichokwisha kukipa jina mwenyewe, isipokuwa kitu hicho kimemjia na sura mpya.

Kilimjia vipi, hilo si jambo la kulisimulia kwa nyimbo peke yake. Tangu miaka ya 1840 walikuwako Nkhotakota, magharibi mwa ziwa, wale watawala wa asili ya pwani waliojulikana kwa cheo cha Jumbe. Katika miaka ya 1880 alikuwako karibu na Karonga mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema, akajenga boma na kukusanya watu. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde na kuwaua kwa wingi kwenye bwawa la Kambwe, na vita vilivyofuata kati yake na kampuni ya Waingereza ya African Lakes viliendelea mpaka mwaka 1889. Desemba 1895 majeshi ya Harry Johnston yaliliteka boma lake, naye akanyongwa. Katika mizigo ya misafara ya namna hiyo mlikuwa na nguo na baruti kwendea bara, na pembe na watu wenye minyororo kurudia pwani. Mlikuwa pia na lugha; na penye lugha ya pwani, jioni, baada ya mizigo kutuliwa, ni vigumu kudhani kuwa bao halikuwako. Mpenzi wa mchezo anayependa kuuita zawadi ya pwani kwa bara inampasa akumbuke Kambwe kabla ya kulitamka neno hilo zawadi.

Na hapa ndipo penye la ajabu. Mlozi hakuacha kizazi cha utawala, boma lake lilikwisha, biashara ya utumwa ikakoma, bao likabaki. Mchezo ulioingia pamoja na madhila ungeweza kutupwa pamoja nayo. Kwa nini haukutupwa?

Jibu moja limo katika neno la Kinyakyusa. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza utaratibu ambao watu wa pwani wangeustaajabia: vijana wa rika moja wakitoka katika kijiji cha baba zao, wakijijengea kijiji chao wenyewe, na kuishi humo pamoja hadi uzeeni. Lililoshikilia utaratibu huo lilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako wa sawa yako, kula nao, kuzungumza nao na kutaniana nao. Mtu asiyekaa na wenzake alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Nchi yenye neno la namna hiyo haikuhitaji kusukumwa ili ipokee mchezo unaowakalisha watu wawili wakitazamana na kumi wakiwazunguka na kutoa maoni wasiyoombwa. Pwani tuna baraza, wao walikuwa na ukwangala. Bao lilihama kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine, na milango ikawa inafanana.

Wasomaji wa visiwani wanayo sababu nyingine ya kuitazama Kyela kwa jicho la karibu. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwao Wajerumani walikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza na wao wakapewa kisiwa cha Heligoland, ndio huohuo uliochora mpaka kwenye mto Songwe na kuuteremsha hadi ufukweni mwa ziwa. Kwa kalamu moja Unguja ilipata bwana mpya na Mnyakyusa wa Kyela akatenganishwa na nduguye Mngonde wa Karonga. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilidai kuwa mpaka upite katikati ya maji. Rais Banda wa Malawi akakataa. Mwaka 2012 habari za kutafuta mafuta na gesi chini ya ziwa zikaufufua mgogoro. Hata jina la ziwa halikukubaliwa: huku Nyasa, kule Malawi. Lakini mchezo una jina moja, bao na bawo, na Mngonde akivuka Songwe hakuna ambaye amewahi kumwomba hati ya kusafiria kwa kete zake.

Basi mwenye kusema bao limekufa amehesabu wachezaji mahali pamoja tu. Kosa lake si geni duniani. Pulu, ambayo husingiziwa kuwa ndiyo iliyoliua bao, ina ndugu yake katika ukoo wa biliadi aitwaye snuka, naye aliwahi kukaliwa matanga yu hai. Snuka ilizaliwa India, katika mji wa Jabalpur, mwaka 1875, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza waliofungiwa ndani na mvua, Kyela wangewaelewa. Ilifikia kilele Uingereza mwaka 1985, fainali ya ubingwa wa dunia ilipotazamwa na watu milioni 18.5 mpaka baada ya usiku wa manane. Mwaka 2005 kampuni ya sigara iliyokuwa ikiyadhamini mashindano hayo ikajitoa kwa sababu ya sheria, na magazeti yakaanza kuuandikia mchezo taazia. Wapenzi wakautetea kwa maneno yaleyale ya wapenzi wa bao, tena kwa hasira ileile. Walikuwa na haki, ila si kwa sababu waliyoitoa. Wao walikuwa wakizihesabu klabu za Uingereza, na uhai ulikuwa umekwisha kuhamia China. Mwaka 2025 Zhao Xintong alitwaa ubingwa wa dunia mjini Sheffield, Mchina wa kwanza kufanya hivyo.

Hata hivyo haitoshi kuonyesha kuwa mchezo unachezwa mahali fulani, kisha mtu akafunga mdomo. Mshitaki anacho kitu cha kweli ambacho hukisema vibaya. Bao la kiswahili huanza kwa kete 64, nusu kwa nusu. Kila mchezaji hutandika kumi tu: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika vishimo viwili vinavyofuata. Ishirini na mbili husalia mkononi, nazo hunamuliwa moja moja, kila zamu moja, huku mbele mkinuka kula na kuliwa, kutakata na kulala. Nyumba nayo, maadamu haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, ina haki zake. Mwenyewe aweza kuituliza au kuisafirisha. Anayecheza vizuri anaona mizunguko kadhaa ya mbele akilini, bila kugusa kete. Alex de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mafundi wa Zanzibar, alitetea tasnifu yake Leiden mwaka 1995 kuhusu jambo hilo tu: ufundi wa bao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Hakuandika kuhusu mchezo wa kupisha mvua.

Chini ya daraja hilo lipo bao la kujifunza. Kila kishimo hutiwa kete mbili, mkononi hamna kitu, na kazi huanza. Ndivyo anavyoanza mtoto wa Kyela, na ndivyo anavyoanza mtoto wa Makunduchi. Akikutana na fundi, atapandishwa. Asipokutana naye, atabaki hapo maisha yake yote na atafurahi, wala hatajua kuwa kulikuwa na ghorofa ya juu. Wanaolitetea bao kwa wingi wa wachezaji wanalilinda mlango ambao adui hakuupitia. Vishimo vitachimbwa maadamu kuna udongo. Kunamua ndiko kunakoweza kupotea, na pamoja nako msamiati mzima ambao washairi wetu waliutumia bila kuhitaji kuufafanua, kwa kuwa kila msikilizaji alikuwa amewahi kulazwa.

Mwaka 2020 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa ubinadamu michezo mitatu ya ukoo wa bao: togyzqumalaq, toguz korgool na mangala. Ombi lilitoka kwa Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki kwa pamoja, nchi tatu zilizokubali kuwa mchezo wao ni mmoja wenye majina matatu. Mwaka huohuo Malawi iliingiza ngoma ya mwinoghe ya wilaya za Chitipa na Karonga, ng'ambo tu ya Songwe, ngoma ambayo jina lake lina maana ya tufurahi. Ombi la bao, likiandikwa, lingepaswa kuwekwa saini na Tanzania na Malawi kwa kalamu moja, na pengine Kenya na Komoro pia. Watu waliobishana miaka mingi juu ya maji wangelazimika kukubaliana juu ya kokoto. Orodha peke yake haimfundishi mtoto kunamua, lakini kuiandika kungewalazimu wenye dola kwenda kuwauliza mafundi kanuni, na swali hilo pekee lina faida.

Maana kanuni bado zinabishaniwa, na hiyo ni dalili ambayo washitaki hawaitaji. Mnapozungukwa ubao mpakani Kasumulu, malori yakingoja kuvuka, nyumba ya mmoja ikisaliwa na kete tano, mwenzake husema hiyo si nyumba tena, ni kishimo kama vishimo vingine. Mwenye nyumba naye husema mzee aliyemfundisha hakumfundisha hivyo. Watazamaji hugawanyika pande mbili, kila upande ukiwa na mzee wake, na kete husimama palepale mpaka kanuni ipatikane.