Mwanafizikia Aliyelipima Bonde la Ufa

Ukitoka Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu, ukaelekea mashariki, utafika mahali ambapo mashamba yanakwisha na ardhi inakatika. Nyanda hizi zinapita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chini kule Ziwa Manyara limelala kwenye mita 960 hivi. Ukuta huo ndio ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ng'ambo ya ziwa hakuna ukuta wa kufanana nao. Ardhi inapanda taratibu, kama mlango ulioinama kwenye bawaba moja.

Bonde hili lilitokeaje? Mwanajiolojia wa Uingereza, J. W. Gregory, aliyepita Kenya mwaka 1893, alisema ardhi ilivutwa pande mbili, na kipande cha katikati kikazama. E. J. Wayland, mkuu wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, alisema kinyume: ardhi ilibanwa, kingo zikapanda juu ya sakafu na kuikandamiza. Kwa macho tu, kila mmoja alikuwa na la kuonyesha.

Aliyejaribu kuamua kwa hesabu alikuwa Edward Bullard. Alizaliwa Norwich mwaka 1907, katika ukoo wa watengeneza bia, akasoma fizikia Cambridge. Mwaka 1931, kazi zikiwa adimu kwa sababu ya mdororo wa uchumi, aliingia katika idara ndogo ya chuo hicho iliyoshughulikia umbo la dunia na fizikia yake. Chombo chake kilikuwa penduli, uzito unaobembea kama ule wa saa ya ukutani.

Penduli haihitaji kuchimba ili ijue kilichomo ardhini. Mvutano wa dunia ukiwa mkubwa, inabembea haraka, ukipungua, inachelewa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa Cayenne, karibu na ikweta, akaona inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Tofauti aliyoitafuta Bullard ilikuwa ndogo zaidi. Mvutano ukibadilika kwa sehemu moja ya milioni, penduli hupotea kwa takriban sekunde 0.04 katika siku nzima. Ukiishusha kutoka Mbulu hadi ziwani, itaongeza mwendo kwa sekunde kadhaa kwa siku, kwa sababu ya kimo. Kimo hicho lazima kipimwe na kuondolewa katika hesabu. Kinachobaki ndicho habari ya miamba iliyo chini: kama ni mizito au myepesi.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1899 na 1900 Mjerumani Ernst Kohlschütter alipima mvutano kwa penduli katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakati reli haijafika bara na mizigo ilisafiri mabegani mwa wapagazi. Vyombo ambavyo havikutakiwa kutikiswa vilibebwa na watu waliotembea mwezi baada ya mwezi. Sayansi ya bonde hili ilianza pia kwa miguu yao.

Bullard alifika mwaka 1933, akapima hadi 1934. Sasa kulikuwa na redio: penduli ya Afrika ililinganishwa na saa sahihi kwa ishara zilizorushwa kutoka mbali. Mwaka 1936 alichapisha matokeo. Juu ya mabonde mvutano ulikuwa hafifu kuliko ulivyotarajiwa. Chini yake, basi, palikuwa na upungufu wa uzito.

Hapo akafikiri hivi. Ganda la dunia linaelea juu ya tabaka zito zaidi, kama mtumbwi majini. Sehemu nyepesi ingetakiwa kuinuka. Ikiwa haikuinuka, kuna kinachoizuia. Akaona kizuizi hicho ni kingo zilizosukumwa juu yake, hivyo akamuunga mkono Wayland: bonde lilibanwa.

Alikosea. Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha pande za Bonde la Ufa zikiachana kwa milimita chache kwa mwaka, na matetemeko yanaeleza habari ileile ya ardhi inayotanuka. Wepesi alioupima unatokana na mashapo yaliyojaza sakafu ya bonde, na pia na miamba yenye joto, iliyopungua uzito, chini ya ganda. Uwezekano huo wa joto haukuwamo katika hesabu yake.

Lakini vipimo vyenyewe havikuanguka pamoja na maelezo. Upungufu wa mvutano alioukuta upo, na kila nadharia iliyofuata ililazimika kuueleza. Naye hakung'ang'ania picha ya zamani ya dunia. Mwaka 1965, akiwa na J. E. Everett na A. G. Smith, alitumia kompyuta kuunganisha kingo za mabara zilizo chini ya maji, pande mbili za Atlantiki, zikakaribia kukaa kama vipande vya chungu kimoja kilichovunjika. Mtu aliyesema Afrika imebanwa akawa miongoni mwa waliowashawishi wenzao kwamba mabara yanaachana. Alifariki mwaka 1980.

Mkulima wa Daudi anayelima karibu na ukingo analima juu ya jibu la ubishi huo. Ukuta mmoja mrefu, na ng'ambo mteremko wa polepole, ni umbo la ardhi iliyovutwa, ikakatika upande mmoja na kuinama. Penduli ilisema kweli kwamba chini ya bonde kuna wepesi. Sababu yake ilichukua muda mrefu zaidi kupatikana.