Mfugaji wa Bonde la Willamette

Nchini Marekani, mamlaka ya kuamua wapi pajengwe na wapi palimwe ni ya majimbo, si ya serikali kuu. Kwa miongo mingi majimbo yaliziachia kaunti na miji kazi hiyo. Hawaii ndiyo iliyotangulia kuirudisha mikononi mwa jimbo, mwaka 1961.

Oregon iliamshwa na mfugaji. Hector Macpherson alifuga ng'ombe wa maziwa katika Bonde la Willamette, lenye udongo bora na wakazi wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jimbo. Aliona viwanja vikipimwa katikati ya mashamba, na kaunti hazina ubavu wa kuwazuia wauzaji. Sheria ya 1969 ilikuwa imeziagiza zipange ardhi, lakini haikuunda chombo cha kuzisimamia. Macpherson akaingia Seneti ya jimbo na kuandaa sheria nyingine. Gavana Tom McCall, mwanahabari wa zamani, aliipigania kwa nguvu zote, akaitia saini Mei 1973.

Ubora wa sheria hiyo, na hapa ndipo inapostahili heshima, ni kwamba haikuzipokonya kaunti kazi yao. Kila kaunti na kila mji huandika mpango wake. Tume ya jimbo yenye wajumbe 7 huupima kwa malengo ya jimbo zima, ambayo kufikia 1976 yalikuwa 19. Usipotimiza, unarudishwa. Kila mji ulitakiwa kuchora mpaka wa ukuaji: ndani nyumba, nje mashamba na misitu. Mpaka wa Portland ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Wakati huohuo Seneta Henry Jackson alitaka serikali kuu iyape majimbo yote fedha za kupanga ardhi. Seneti ya Marekani ilikubali, Baraza la Wawakilishi likauzima muswada huo mwaka 1974.

Wapinzani wa sheria ya Oregon walikwenda kwa wapigakura mwaka 1976, 1978 na 1982, wakashindwa mara zote. McCall, akiwa mgonjwa wa saratani, aliitetea sheria hiyo katika kampeni ya mwisho, akafariki Januari 1983. Pigo lilikuja 2004: wapigakura waliamua wenye ardhi waliozuiwa kujenga walipwe fidia au waachiwe wajenge. Maombi yakamiminika kwa maelfu. Mwaka 2007 wapigakura haohao walilegeza uamuzi wao, na waombaji wengi wakaruhusiwa nyumba zisizozidi 3.