Kupanda cheo: kutoka drafti ya vizibo hadi Fire Emblem

Nilijua kupanda cheo kabla sijagusa kompyuta. Sokoni Tongaren ubao wa drafti tuliuchora kwenye kipande cha boksi, na kete zilikuwa vizibo vya soda: vyako vinatazama juu, vyangu chini. Kizibo kikifika mstari wa mwisho unakibandikia kingine juu, "kingi!", na kelele zinaanza. Sijawahi kuona mtu akikataa kingi. Akatae kwa nini? Ni faida tupu.

Wajapani waliliwaza hilo zaidi. Katika shogi, kete ikiingia eneo la adui unaigeuza upande wa pili, inakuwa nyingine. Lakini mara nyingi una hiari, kwa sababu jenerali wa fedha akigeuzwa hawezi tena kurudi nyuma kimshazari. Anapata na anapoteza.

Haya basi, twende 1990. Fire Emblem ya kwanza ilitoka Japani kwa mashine ya Famicom, na humo askari hupandishwa daraja. Mimi niliufahamu mfululizo huu kupitia ule wa Game Boy Advance, wa kwanza kuuzwa nje ya Japani, mwaka 2003. Pointi 100 ni ngazi moja, na ngazi ya mwisho ni 20. Ukifika 10 unaruhusiwa kupanda daraja, ila hesabu inarudi 1.

Hapo ndipo ubongo wa mwandika programu unapowashwa. Kila ngazi ni bahati nasibu ya nguvu, kasi na ulinzi. Ukipanda ukiwa 10 utaicheza mara 9 na 19, jumla 28. Ukingoja 20, mara 38. Mimi, mtoto wa drafti, niliwapandisha wote kwenye 10! Sura za mwisho zilinifunza adabu, maana humo aliyekufa harudi. Lakini kungoja nako kuna hatari: vita ni vya kuhesabika na adui hakungoji.

Final Fantasy Tactics ya 1997 ilipita njia nyingine, kazi moja hufungua nyingine: Squire wa ngazi 2 hufungua Knight.

Katika Three Houses ya 2019, askari hufanya mtihani. Akifeli unapoteza muhuri tu, na akipita ngazi yake hairudi 1. Mchezo mzuri, nimeumaliza. Ila kila mtihani ulipofunguka nilibonyeza papo hapo, kama pale sokoni.